Herufi I kwenye Matokeo ya Marsela

Karatasi ya matokeo ya Marsela Piusi ilikuwa na mistari thelathini na sita, na thelathini na mitano kati yake ilikuwa imekamilika. Kila mstari ulianza na namba ya kozi na jina lake, zikafuata alama za kazi za darasani, alama za mtihani wa mwisho, jumla, na pembeni kabisa gredi. A zilikuwapo chache, B+ nyingi, na C moja ya Takwimu ambayo mwenyewe anakiri kwamba aliistahili. Mstari wa pili kutoka chini ndio uliomshinda. Ulisomeka: GE 306, Jiografia ya Udongo, kazi za darasani 31 kati ya 40, mtihani kistari, jumla kistari, gredi I.

Herufi hiyo haimaanishi kufeli. Aliyefeli huandikiwa E, na namba zake huonekana hapo hapo zikimsuta. Wala haimaanishi kutoroka mtihani, maana mtoro ana alama yake nyingine. I maana yake kozi haijakamilika: mwanafunzi amefanya kazi zote za darasani, hakuonekana kwenye mtihani, na chuo kinasubiri aeleze kwa nini. Kwa Marsela, chuo kilikuwa kimesubiri karibu miaka mitatu. Naye alikuwa akisubiri vilevile, kila upande ukidhani upande wa pili ndio wa kuanza kusema.

Katika miaka hiyo alifundisha Jiografia kwa kujitolea kwenye sekondari moja ya kata, nje kidogo ya mji wa Karatu. Wanafunzi walimwita Madam Udongo, kwa sababu mada hiyo hakuifundishia ubaoni. Aliwatoa darasani, akawashusha kwenye korongo nyuma ya shule, akawaambia waguse. Juu udongo mweusi wenye mizizi, chini yake mwekundu, chini zaidi ule wa njano unaoteleza. "Huu wa juu ukiondoka," alikuwa akiwaambia, "haurudi mkiwa hai." Kisha aliwarudisha darasani, na mikono yake ikabaki nyekundu mpaka kipindi cha mwisho.

Siku moja ya Julai mkuu wa shule, Mwalimu Martini, mtu wa Mbulu mwenye sauti ya kuamsha bweni, alimkuta kwenye chumba cha walimu akinywa chai.

"Mwalimu Marsela, nafasi ya Jiografia imetangazwa. Mimi nataka nikutaje wewe. Transkripti iko wapi?"

"Ipo, mkuu."

"Ipo wapi? Mwaka juzi ilikuwa inakuja. Mwaka jana ilikuwa njiani. Kwani inatembea kwa miguu?"

Walimu wenzake wakacheka. Marsela naye akacheka, kwa sababu ndivyo inavyobidi. Lakini Martini hakuondoka. Alivuta kiti, akashusha ile sauti yake.

"Mwalimu, mimi sijui kuna nini huko chuoni. Ninachojua ni kwamba akija mtu mwenye karatasi nzima, nitampa meza yako, na nitaumia. Nenda kaulize."

Siku ya Jumatatu Marsela alipanda basi alfajiri. Mumewe Simon, dereva wa watalii, alimsindikiza mpaka kituoni kabla ya kuteremka na wageni wake kwenye kreta kutazama wanyama. Chuo chao kiko mbali, safari ya siku nzima, na tangu amalize mihula yake hakuwa amekanyaga huko. Usiku alilala kwa rafiki, na asubuhi akawa mtu wa nne kwenye foleni ya dirisha la kumbukumbu za wanafunzi. Aliposogea mbele, alikuta kijana mrefu mwenye ndewe zilizotobolewa na tai iliyofungwa vizuri. Kibao mezani kilisema Kaika.

Kaika alichapa namba yake ya usajili, akatazama kioo cha kompyuta. "Karatu. Karatu sehemu gani?"

"Daa."

"Aa, jirani! Mimi wa Arash. Babu yangu alikuwa akija kwenu kuchukua ng'ombe."

"Tunajua. Bado tunasubiri mrudishe."

Kaika alicheka mpaka mwenzake wa dirisha la pili akageuka. Kisha akausoma ule mstari wa pili kutoka chini, na kicheko kikaisha.

"Dada, hii I imezeeka. Nani alikwambia inakaa hivi?"

"Hakuna aliyeniambia kitu."

"Basi nikwambie mimi. Kozi ya miaka mitatu, mwisho wa kuimaliza ni miaka sita. Wa sita ndio huu. Kikao cha kupitia sababu ni Agosti, mitihani maalumu ni Septemba. Kikao kikikubali sababu yako, unafanya mtihani na unapata alama zako zote, kama ungefanya na wenzako siku ile. Kisipokubali, I inageuka E yenyewe. Kompyuta haiulizi mtu. Na E isiyo na muda wa kurudia ni disko. Unajua disko."

Marsela alijua. Kila mwanafunzi anajua. Ni kufutwa masomo, na mistari yote thelathini na sita inakwenda na maji.

"Kwa hiyo mimi ni kama watu wa sapu?"

"Hapana. Mtu wa sapu alifanya mtihani akafeli. Anarudia, na hata akipata tisini anaandikiwa C. Wewe hujafeli. Wewe hukuonekana tu." Kaika alichukua kalamu. "Sasa niambie, siku ile ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ukiumwa?"

"Hapana."

"Msiba?"

Marsela alitazama kalamu yake. "Ndiyo."

"Pole sana. Leta cheti cha kifo."

"Hakipo."

"Hata cha kuzaliwa cha marehemu kinasaidia, tukakiambatanisha na—"

"Hicho nacho hakipo."

Kaika aliiweka kalamu chini. Foleni nyuma ya Marsela ilianza kukohoa. "Basi leta barua ya mtendaji wa kijiji," alisema polepole. "Iwe na muhuri. Na iseme kweli, maana kile kikao kina wazee wenye macho."

Basi la kurudi lilikuwa na saa nyingi za kufikiri. Marsela aliweka paji la uso kwenye kioo, akamwazia mtoto wake.

Ulikuwa mwaka wa corona. Vyuo vilifungwa, vikafunguliwa, na kalenda ya chuo chao ilipinda hivi kwamba mitihani ya mwisho ilifanyika Novemba. Marsela aliifanya akiwa na mimba ya miezi minane na nusu, kiti chake kikisogezwa nyuma kidogo kuliko vya wengine. Alimaliza yote isipokuwa mmoja. Mhadhiri wa Jiografia ya Udongo alilazwa hospitali, mtihani wake ukasogezwa wiki tatu mbele. Marsela akaona ni bahati. Alikwenda nyumbani Daa kwa mama yake ajifungue kwanza, kisha arudi kwa mtihani huo mmoja, mtoto akiwa mgongoni kwa mdogo wake.

Mvua ilikata barabara siku uchungu ulipoanza, kwa hiyo hakufika zahanati. Mama yake, Cresensia, ndiye aliyempokea mtoto. Alikuwa wa kiume. Wakamwita Tluway, kama wanavyoitwa watoto wengi wa Kiiraqw wanaozaliwa mvua inaponyesha. Alikuwa na nywele nyingi na tabia ya kushika kidole cha mtu asikiachie. Siku ya tisa hakuamka.

Padri hakuwa amembatiza bado. Zahanati haikuwa imemwandika bado. Walimzika karibu na nyumba kabla ya saa nne asubuhi, na Cresensia akafunga mlango wa uzio.

Hiyo ndiyo metimani. Wengi wameiacha, na makanisa yameikemea tangu zamani, lakini wazee wanaijua. Nyumba iliyofiwa na kichanga hujitenga. Watu wake hawaingii shamba la mtu, hawavuki kijito cha watu wote, hawashikani mikono na jirani, hawaendi kanisani wala mnadani, wasije wakapeleka msiba kwenye mji wa mwingine. Jirani akitaka kuwapa pole, husimama mbali akapaza sauti. Simon naye alikuwamo. Watalii hawakuwapo mwaka ule, na hakukuwa na safari ya kumwita kazini.

"Mama, mimi ni Mkristo," Marsela alisema wiki ya kwanza. "Na wewe pia ni Mkristo. Padri anasema—"

"Padri hachoti maji kwenye kijito hiki," Cresensia alijibu. "Wanaochota ni hawa. Kuna wanawake watatu wenye mimba hapo ng'ambo. Wewe ungependa mmoja wao akutazame mwakani akiwa mikono mitupu?"

Marsela hakutaka kutazamwa na yeyote. Ukweli, ambao hakumwambia hata Simon, ni kwamba uzio ule ulimfaa. Ndani yake hakuna aliyemwambia ajikaze. Hakuna aliyemwuliza mtoto yuko wapi. Kwa miezi mitatu kazi yake pekee ilikuwa kumlilia Tluway, na kila mtu upande wa pili wa uzio aliheshimu kazi hiyo.

Ila mtihani ulikuwa unakuja. Kiongozi wa darasa alimpigia simu: andika barua ya kuahirisha, mtendaji aigonge muhuri, ipige picha, nitumie. Marsela akaandika kwenye karatasi ya daftari, mistari saba. Mtendaji wa kijiji, Naftali, alikuwa jirani yao. Akamwita kutoka mpakani mwa shamba la maharage. Naftali akatoka, akasimama hatua thelathini kutoka pale.

"Iweke juu ya jiwe hapo, mwanangu," alipaza sauti. "Nitakuja kuichukua, niigonge na kukutumia picha."

Aliiweka, akaweka kokoto juu yake isipeperuke, akarudi ndani. Picha ya barua haikuja siku hiyo wala kesho yake. Mtihani ukapita. Walipofungua uzio mwezi Machi, Naftali alikuja na mkungu wa ndizi, akazungumza habari za mahindi kwa muda mrefu, na mwishoni akasema, akitazama pembeni, kwamba ile karatasi mvua iliiwahi. Marsela aliitikia. Hawakuitaja tena.

Sasa, Julai hii, alikwenda kuitaja. Cresensia alimfuata bila kualikwa, na khanga yake ya kwendea kanisani.

Ofisi ya kijiji ina meza, viti viwili na kabati lililokosa mlango mmoja. Naftali, ambaye nywele zilikuwa zimeanza kumwacha, aliwakaribisha, akasikiliza mpaka mwisho, akatoa karatasi yenye nembo. Aliandika tarehe. Aliandika "Yah:" na nukta mbili zake. Hapo akakwama.

"Sasa niandike nini, mwanangu? Nikiandika ulikuwa umefungiwa, watasema jela. Nikiandika ulikuwa umetengwa, watasema corona."

"Andika metimani."

"Hawatajua ni kitu gani."

"Ndiyo maana ya barua, mzee. Waeleze."

"Na uandike kwamba ni mimi niliyemzuia," Cresensia alidakia. "Andika jina langu lote. Wakitaka kunifukuza chuo, wanifukuze."

Naftali alicheka kidogo, akaanza kuandika. Alieleza kifo cha kichanga na desturi ya kujitenga. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa watu waliosoma zamani. Alipofika aya ya tatu akachukua muhuri, akaupuliza, akauinua.

"Na jiwe?" Marsela aliuliza.

Muhuri ukabaki hewani.

"Barua inasema kwa nini sikwenda kwenye mtihani," Marsela alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, isiyo na hasira. "Haisemi kwa nini sikuomba ruhusa. Na mimi niliomba, mzee. Niliweka kokoto juu yake."

Nje mtu alipita na ng'ombe, na wote watatu wakangoja mpaka kengele ziishe.

"Mama Yusta alikuwa na mimba," Naftali alisema. Alimaanisha mkewe. "Nilifika mpaka pale kwenye jiwe. Nikaiona karatasi. Mkono ukakataa. Nikasema, nitakuja kesho na koleo niichukue kwa koleo. Hebu fikiri, mtendaji wa serikali na koleo la jikoni. Na usiku ikanyesha." Alimtazama Cresensia, si Marsela. "Yusta anatimiza miaka miwili mwezi huu."

"Namwona," Cresensia alisema. "Anatuvurugia maharage."

Naftali aliweka muhuri chini, akachukua kalamu, akaandika aya ya nne. Marsela aliisoma ikiwa bado mbichi: "Mimi niliyetia saini hapa chini niliombwa muhuri kwa wakati, nikaogopa kuishika karatasi kwa sababu ya mke wangu aliyekuwa mjamzito. Karatasi ilinyeshewa. Kosa si la mwanafunzi." Kisha akagonga muhuri kwa nguvu, mara mbili, ingawa mara moja ingetosha.

Agosti ilipita polepole. Marsela alifungua madaftari ya zamani, akayasoma jioni kwenye benchi la nje, na Simon akirudi kutoka kreta na vumbi la siku nzima alimwuliza maswali kutoka kitabuni, akiyatamka vibaya kwa makusudi. Siku ya kikao simu haikuita. Iliita kesho yake.

"Wamekubali," Kaika alisema. "Walibishana. Mmoja alisema desturi si sababu. Lakini kuna mzee wa Mbulu mle ndani anayeijua metimani, akawaeleza mwenyewe. Halafu ile aya ya nne ikawamaliza."

Mtihani maalumu ulifanyika kwenye chumba kimoja na watu wa sapu, vijana walioingia wakitania ili wasionekane wana hofu. Swali la pili lilitaka mtahiniwa achore tabaka za udongo wa mahali anapopajua na aeleze kina cha kila moja. Marsela alichora Daa, kwa mama yake, karibu na nyumba. Kina alikijua bila kukisia. Alikuwa amesimama pale asubuhi ile, akalitazama shimo dogo likichimbwa: mweusi, mwekundu, kisha ule wa njano. Aliandika vipimo, akaweka jina la mahali, akaendelea na swali la tatu.

Alipata 38 kati ya 60. Jumla 69, gredi B+. Kwa alama moja tu A ilimpita, na jambo hilo lilimuudhi kwa wiki nzima, kama linavyomuudhi mwanafunzi yeyote.

Desemba alikwenda kuchukua transkripti. Kabla haijachapwa kwenye karatasi yenye nembo, mhusika husoma nakala na kuisaini kwamba hakuna kosa. Kaika alimsogezea. Marsela alishuka moja kwa moja mpaka mstari wa pili kutoka chini. GE 306, Jiografia ya Udongo, 31, 38, 69, B+. Pembeni ya B+ kulikuwa na nyota ndogo.

"Nyota ya nini?"

"Inaonyesha mtihani haukufanywa kwenye msimu wake. Tatizo, waajiri wakiiona wanasema sapu. Ndiyo maana tangu mwaka jana mtu wa mtihani maalumu anaruhusiwa kuomba iondolewe." Alitoa fomu kwenye droo. "Jaza hapa. Dakika tano. Nikichapa, itakuwa kama ulikaa siku ile na wenzako."

"Na ile I?"

"I haipo tena. Imefutika kwenye mfumo."

Marsela alichukua kalamu. Kwa miaka mitatu alikuwa ametamani kusikia maneno hayo. Aliishika fomu, akasoma kichwa chake, akasoma nafasi ya jina. Kisha akairudia ile nakala kuanzia juu, mstari kwa mstari, akitafuta mahali popote palipoandikwa kwamba mwaka ule kulikuwa na mtu mwingine. Kwenye daftari la zahanati mtoto hakuwamo. Kanisani hakuwamo. Barua ya Naftali iko kwenye faili ambalo hakuna atakayelifungua.

"Kama ningekaa siku ile na wenzangu," alisema.

"Ndiyo. Safi kabisa."

Alirudisha fomu kupitia dirishani. "Iache nyota."

"Dada, watakuuliza. Kila mahali utakapoipeleka watakuuliza."

"Waniulize."

Kaika alimtazama kidogo, akairudisha fomu kwenye droo, akachapa.

Januari, shule zilipofunguliwa, Marsela aliiweka transkripti kwenye meza ya mkuu wa shule. Martini alivaa miwani, akashuka nayo kwa kidole, akiguna kwa kuridhika kwenye kila A. Karibu na mwisho kidole kikasimama.

"Mwalimu," alisema, na ile sauti ya kuamsha bweni haikuwapo. "Hapa kwenye Udongo kuna nyota. Ulisapu?"

Marsela alivuta kiti, akakaa.

"Hapana, mkuu," alisema. "Nilijifungua mtoto wa kiume. Anaitwa Tluway."